Jina Lifikavyo Kwenye Jiwe: Wafanyakazi 53 wa BSA na Wapagazi Wetu

Kwenye shingo ya baiskeli ya BSA, chini kidogo ya usukani, palikuwa na nembo ya bunduki tatu zilizoegemezwa pamoja, vitako chini na mitutu juu. Wazee wa Malindi wanaozikumbuka baiskeli hizo huzitaja pamoja na Raleigh, kwa heshima ya chombo kilichobeba mzigo na hakikuvunjika. Zile bunduki za kwenye nembo zilikuwa na maana yake. BSA ni kifupi cha Birmingham Small Arms, kampuni iliyoundwa mwaka 1861 na mafundi bunduki wa mji wa Birmingham, Uingereza. Baiskeli na pikipiki zilikuja baadaye. Silaha ndizo zilizokuwa kazi yake ya mwanzo, na silaha ndizo zilizoiletea ndege za Wajerumani usiku wa tarehe 19 Novemba 1940, katika Vita vya Pili vya Dunia. Wafanyakazi 53 wa kampuni hiyo waliuawa na mabomu ya mwezi huo.

Wana ukumbusho wao huko Small Heath, mtaa uliokuwa na kiwanda. Ukumbusho wa aina hii, wa kampuni kwa watu wake waliouawa kwa mabomu wakiwa kazini, una mambo kadhaa yanayochanganya. Hawakuwa askari, basi mbona wanahesabiwa katika vita? Walikuwa wameajiriwa, je, mwajiri aliwalipa wajane? Serikali iliwaandika wapi? Na kuna swali linalonigusa mimi mtu wa pwani hii: imekuwaje fundi mashine wa Birmingham awe na jina kwenye jiwe, na mpagazi wa Afrika Mashariki aliyefia njiani akiwa na mzigo wa jeshi kichwani asiwe nalo? Naona majibu yote yanapita mahali pamoja, napo ni kwenye daftari. Aliyekuwa na mtu wa kumwandika alikumbukwa.

Kwa nini walikuwa bado ndani

Kiwanda cha Small Heath kilitengeneza bunduki za askari wa miguu na bunduki za rashasha aina ya Browning, zile zilizofungwa kwenye mbawa za ndege za Spitfire na Hurricane. Tarehe 26 Agosti 1940 kilipigwa bomu. Siku ile hakufa mtu, ila karakana ya mitutu iliungua, na idara nyingine ambazo hazikuguswa hata kidogo zikasimama kwa kukosa mitutu. Hapo wakubwa wakaona hatari ya kuweka kazi nzima mahali pamoja. Wakaanza kutawanya mashine kwenye majengo mengine mbali na pale. Lakini mashine ya kuchonga chuma haibebwi kama kitanda. Inataka jengo, sakafu ya zege inayohimili uzito, umeme wa kutosha, na fundi anayeijua. Novemba ikaingia mamia ya watu wangali wakipiga zamu ya usiku Small Heath.

Msomaji atauliza, king'ora kikilia si watu hukimbilia mahandakini? Mwanzoni ilikuwa hivyo. Lakini mwaka ule ving'ora vya Uingereza vililia mchana na usiku, na mara nyingi ndege zilipita zikielekea kwingine. Kila mlio ulikula saa za kazi. Ndipo viwandani ukaenea utaratibu wa kuweka watazamaji juu ya mapaa: king'ora kikilia kazi inaendelea, na watu hushuka pale tu mtazamaji wa juu anapotoa ishara kwamba ndege zimefika kweli. Tuliangalie jambo hilo kwa uzito wake. Wafanyakazi walikuwa wametoa dakika za usalama wao ili bunduki zisikose kutoka. Ukishalijua hilo, swali la kama wanastahili kuitwa watu wa vita linajijibu lenyewe.

Usiku wa tarehe 19 mabomu yaliangukia jengo la ghorofa nne lililojengwa mwaka 1915, na mamia ya watu wakanaswa. Mafundi umeme wawili wa zamu ya usiku, Alf Stevens na Alf Goodwin, waliingia kuwaokoa wenzao. Stevens alitunukiwa nishani ya George Medal na Goodwin ile ya British Empire Medal. Hesabu ya mashambulizi ya mwezi ule ni hii: waliokufa 53, waliojeruhiwa 89, na kati yao 30 waliumia vibaya. Mashine 1,600 ziliharibika, na utengenezaji wa bunduki ukasimama kwa miezi mitatu.

Katika habari zote za kiwanda kile, mimi hukwama kwenye moja. Waliotafuta miili na kuondoa vifusi walikuwemo wafanyakazi wenyewe, wale waliokuwa kwenye kikosi cha kiwanda cha ulinzi wa raia. Mtu alikuwa anachimbua alipokuwa anasimama mwenzake, na anachimbua kwa haraka kwa sababu mashine zinangojewa. Hapakuwa na arubaini ya kukaa na kulia. Ukumbusho wa kampuni una kazi ambayo jiwe la serikali haliwezi kuifanya, kwani unasema kwamba mahali hapa, kabla kazi haijaendelea, palikuwa na watu.

Nani alilipa

Hapa ndipo mkanganyiko ulipo mkubwa, na jambo lenyewe linahitaji subira kidogo.

Kwa kawaida, mfanyakazi wa Uingereza wa wakati ule akiumia kazini, mwajiri alidaiwa fidia kwa sheria ya fidia ya wafanyakazi. Vita vilipokaribia serikali iliona kwamba bomu moja likiangukia kiwanda lingeweza kuifilisi kampuni nzima kwa madai, na kampuni za silaha ndizo zilizokuwa zinahitajiwa kuliko zote. Mwaka 1939 Bunge likapitisha sheria ya dharura kuhusu majeraha ya vita. Sheria hiyo ilifanya mambo mawili kwa pamoja: ilimwondolea mwajiri deni la kulipia jeraha lililosababishwa na vita, na ikaweka mpango wa serikali wa kuwalipa raia walioumia na familia za waliokufa.

Kwa hiyo mjane wa fundi aliyefia chini ya jengo la BSA alikuwa anaitazama serikali kwa pensheni yake. Anayeuona ukumbusho wa kampuni na kudhani ni risiti ya fidia iliyolipwa anakosea, na anayeuona na kudhani kampuni ilijificha nyuma ya jiwe ili isilipe anakosea vilevile. Deni la fedha lilihamishwa na sheria. Lililobaki kwa mwajiri ni deni la heshima, ambalo hakuna mahakama ingemdai.

Mpango wenyewe wa serikali ulikuwa na dhuluma ndani yake. Mwanamke aliyejeruhiwa na bomu alipangiwa fidia ndogo kuliko mwanamume aliyejeruhiwa na bomu hilohilo, na wakati huo wanawake walikuwa wakimiminika viwandani kushika mashine za waume waliokwenda jeshini. Wanawake wa Uingereza waliipigania haki hiyo ndani na nje ya Bunge hadi viwango vikasawazishwa mwaka 1943. Miaka mitatu na zaidi mkono wa mwanamke ulikuwa na bei ya chini kwa mujibu wa sheria.

Orodha tatu

Mtu mmoja aliyekufa BSA anaweza kuandikwa mahali patatu tofauti, na kila mahali anaitwa kwa sura nyingine.

Ya kwanza ni orodha ya taifa. Tume iliyoundwa mwaka 1917 kutunza makaburi ya vita ya dola ya Uingereza, ambayo leo inaitwa Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, ilikuwa na kazi ya askari pekee. Mabomu ya 1940 yalipoua raia kwa maelfu, tume ikaongezewa mamlaka mwaka 1941 ya kuwaandika nao. Matokeo yake ni vitabu saba vinavyokaa katika kanisa kuu la Westminster Abbey, London, vyenye majina karibu 67,000. Humo mtu huandikwa kwa jina, umri, anwani ya nyumbani, jamaa zake, na mahali alipofia. Kwa watu wa kiwandani, hapo penye mahali pa kufia ndipo jina la kiwanda linapotokea. Amehesabiwa kama raia wa mtaa fulani, mume wa fulani, mwana wa fulani.

Ya pili ni ya mji. Birmingham ilizindua mwaka 2005 sanamu ya mti, karibu na kanisa la St Martin, yenye majina 2,241 ya watu waliouawa na mabomu mjini humo katika vita vile. Kwenye mti ule mfanyakazi wa BSA yumo pamoja na mtoto mchanga na bibi kizee.

Ya tatu ndiyo ya kampuni, na hiyo ndiyo pekee inayomweka na watu aliokuwa nao saa ile. Waliokuwa wakigawana chai kwenye mapumziko ya zamu wamekaa pamoja. Mtu akifia kazini, wenzake wa kazi nao ni wafiwa, hata kama hawamo kwenye urithi. Sisi tunalijua hilo. Baharia wa Lamu akipotea na jahazi, waliosafiri naye husimama msibani karibu na ndugu zake wa damu, na hakuna anayewauliza wamefuata nini.

Orodha ya kampuni hutoka kwenye daftari la mishahara, na hilo ndilo linaloipa usahihi wake na upungufu wake. Aliyekuwa kwenye daftari usiku ule anajulikana kwa jina, idara na namba. Aliyeingia kiwandani kwa sababu nyingine, kwa mfano kibarua wa mkandarasi au dereva wa kuleta mzigo, anaweza kufa hatua mbili kutoka kwa mwenzake na asionekane kwenye jiwe la mwajiri. Ndiyo maana idadi za waliokufa kwenye shambulio moja hutofautiana kutoka ukumbusho hadi ukumbusho bila ya yeyote kusema uongo. Kila mmoja amehesabu watu wa daftari lake.

Upungufu huo ulikuwa wa kutisha upande wa pili wa vita. Viwanda vya Ujerumani vilijaa watu waliochukuliwa kwa nguvu kutoka Poland, Urusi, Ukraine na kwingineko, na mara nyingi watu hao walizuiwa kuingia kwenye mahandaki mazuri wakati wa mabomu. Walikuwa wafanyakazi kwa jasho, lakini hawakuhesabiwa kuwa watu wa kampuni. Volkswagen iliweka jiwe la kuwakumbuka watu waliotumikishwa kwa nguvu kiwandani kwake mwaka 1991, miaka 46 baada ya vita kwisha, na mwaka 1999 ikafungua maonyesho ya historia yao ndani ya handaki la zamani la kiwanda. Kampuni inapochelewa kiasi hicho, waliostahili kusimama mbele ya jiwe wengi wao wameshatangulia.

BSA yenyewe haipo tena kama ilivyokuwa. Ilianguka mwaka 1973 na sehemu kubwa ya kiwanda ikabomolewa. Hilo nalo ni fumbo la kumbukumbu za makampuni: serikali hukaa, mji hukaa, kampuni hufa. Jiwe linabaki mikononi mwa majirani, wajukuu na wapenzi wa pikipiki za zamani.

Huku kwetu

Italia iliingia vitani Juni 1940 ikiwa imeshika Somalia, jirani yetu wa kaskazini. Oktoba ya mwaka huohuo, majuma machache kabla ya usiku wa BSA, ndege za Italia ziliangusha mabomu Malindi. Robo karne haikupita, Waitaliano wakarudi kwa amani, wakajenga kituo chao cha kurushia setilaiti Ngomeni. Setilaiti iitwayo Uhuru ilirushwa kutoka huko tarehe 12 Desemba 1970. Leo vijana wetu wanazungumza Kiitaliano na wageni ufuoni, na ni nadra kumsikia mmoja akitaja mabomu yale. Sioni kosa katika kusameheana. Kinachoniuma ni kusahau bila kujua tumesahau nini.

Vita vya kabla ya hapo ndivyo vilivyotuumiza zaidi, na waliouawa wengi hawakushika bunduki. Katika Vita Kuu vya 1914 hadi 1918 jeshi la Uingereza Afrika Mashariki lilitembea kwa miguu ya wapagazi, kwa sababu mbung'o waliua wanyama wa kubeba na barabara hazikuwepo. Kuchukuliwa kwa vijana kwenda kufanya kazi ya Waingereza ni miongoni mwa yaliyowainua Wagiriama chini ya Mekatilili wa Menza mwaka 1913, na sanamu ya mama huyo ipo hapa Malindi. Wapagazi walikufa kwa kuhara damu, malaria, njaa na uchovu, kwa makumi ya maelfu.

Watu hawa waliandikwa. Mpagazi alivishwa kidani cha chuma chenye namba, na malipo yake yaliingizwa kwenye vitabu vya jeshi. Serikali iliyotaka kujua ni nani ametoroka iliweza kumfuata mtu mmoja hadi kijijini kwake. Vita vilipokwisha, sanamu ya askari iliyopo Nairobi ikawekewa maandishi kwa Kiingereza, Kiswahili na Kiarabu, yakiwataja wapagazi kwa jumla kuwa miguu na mikono ya jeshi. Jina la mtu hata mmoja halimo.

Ripoti ya tume ileile ya makaburi ya vita, iliyotoka mwaka 2021, ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine kufikia 350,000, waliokufa wakilitumikia jeshi la Uingereza katika vita vile hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Wengi ni wa Afrika Mashariki na Misri. Serikali ya Uingereza iliomba radhi Bungeni mwezi Aprili mwaka huo. Ripoti ilitoa pia hoja za maofisa wa miaka ya 1920. Ilisemwa kwamba Mwafrika wa kawaida hangeelewa jiwe la kaburi wala kulithamini. Kuhusu makaburi ya wapagazi Dar es Salaam ilisemwa yaachwe yarudi kuwa pori upesi iwezekanavyo.

Aliyesema Mwafrika haelewi jiwe la kaburi hakufika Malindi. Kando ya msikiti wa Juma, hapo ufuoni, yamesimama makaburi ya nguzo ya karne nyingi zilizopita. Nenda Gedi, mwendo mfupi kutoka mjini, utaliona kaburi lililochongwa mwaka wake kwenye lipu: 802 Hijria, yaani 1399. Mtu wa pwani alikuwa akiandika tarehe ya kifo kwenye jiwe karibu miaka mia moja kabla ya Vasco da Gama kufika Malindi. Kauli ile ilikuwa kisingizio cha kuokoa fedha, na iliuziwa watu kama elimu.

Wapo miongoni mwetu wanaosema maiti hahitaji jiwe, anahitaji dua. Nakubaliana nao katika la dua. Lakini hata khitma husomwa kwa jina la mtu. Anayemwombea marehemu humtaja yeye na mzazi wake, na huwezi kumtaja usiyejua anaitwa nani. Jiwe si lazima liwe kaburini. Linaweza kuwa ukuta wa shule, ubao bandarini, au kitabu kilichotunzwa vizuri msikitini.

Na kazi hiyo inawezekana. Januari 2025 ulizinduliwa Cape Town ukumbusho wa wafanyakazi Waafrika waliohudumu na majeshi ya Uingereza wakafa katika Vita Kuu. Ni nguzo za mbao, kila mtu na nguzo yake yenye jina lake, zaidi ya 1,700. Majina hayo yalipatikana kwenye nyaraka, zaidi ya karne moja baada ya walioyabeba kufa.

Kwa hapa pwani, nyaraka za serikali ya kikoloni zimo katika Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa, Nairobi, na vitabu vya malipo ni sehemu nzuri ya kuanzia kuliko hotuba za magavana. Majumbani kuna vipande vya zamani, yaani vitambulisho vya kazi vya enzi ya ukoloni, barua za posho na picha zilizoandikwa nyuma. Anayeanza na babu mmoja aandike jina lake kamili, la baba yake, mtaa au kijiji, kazi aliyoifanya, nani alimwajiri, na mara ya mwisho alionekana wapi. Apige picha karatasi yenyewe pande zote mbili, maana namba ya mtu mara nyingi imepigwa muhuri upande wa nyuma.